Simu ya Angani Iliyonusurika Kuteketezwa

Askari aliyepata kulala lindo mbali na barabara kuu anaifahamu saa ile ambayo redio hunyamaza. Anaita, anaita tena, wala hajibiwi ila kwa mkwaruzo. Mlima umesimama kati yake na makao makuu, au msitu umeimeza sauti yake, au betri imechoka kabla ya mwenye kuibeba. Katika saa kama hiyo hakuna afande wala kuruta asiyetamani awe na simu iwezayo kuruka juu ya mlima, juu ya msitu na juu ya mipaka yote, ikasikika huko inakotakiwa.

Simu ya namna hiyo ipo. Imekuwapo tangu mwaka 1998, na jina lake ni Iridium. Pengine wako miongoni mwa wasomaji wetu waliokwisha kuishika mikononi. Lakini ni wachache wajuao kwamba ilibaki kidogo tu setilaiti zake zote zishushwe kutoka angani na kuunguzwa kwa makusudi. Si kwa kuwa ziliharibika, la hasha, bali kwa kuwa zilikosa wanunuzi. Twaona kisa hiki chafaa kusimuliwa katika ukurasa huu, maana aliyekuja kuziokoa hatimaye alikuwa ni askari.

Kama inavyosimuliwa, jambo lenyewe lilianza mapumzikoni. Mwaka 1985 mhandisi mmoja wa kampuni ya Motorola ya Marekani, jina lake Bary Bertiger, alikwenda pamoja na mkewe, Karen, katika visiwa vya Bahamas. Mama huyo alikuwa na shughuli za kununua na kuuza nyumba, akataka kuwapigia simu wateja wake, akashindwa. Akamuuliza mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya mawasiliano, kwa nini haiwezekani. Swali likamkaa Bertiger rohoni. Mwaka 1987 yeye na wenzake wawili, Ray Leopold na Ken Peterson, walianza kuchora mpango wa simu itakayofanya kazi mahali popote duniani.

Motorola haikuwa ngeni kwa watu wa magwanda. Katika Vita Kuu ya Pili kampuni hiyo, iliyokuwa bado ikiitwa Galvin, ndiyo iliyowaundia wanajeshi wa Marekani redio ya kushika mkononi na ile ya kubeba mgongoni. Na kabla ya hapo ilikwisha kuuza redio za magari ya polisi. Tena, tarehe 3 Aprili 1973, mhandisi wake Martin Cooper alisimama katika mtaa wa New York akapiga simu ya kwanza ya mkononi isiyokuwa na waya. Twamwomba msomaji aiweke akilini simu hiyo ya Cooper, kwa sababu ndiyo itakayorudi baadaye kumla ndugu yake.

Setilaiti za mawasiliano za wakati huo zilikaa mbali mno, kiasi cha kilometa 36,000 juu ya ikweta. Huko huonekana kana kwamba zimesimama mahali pamoja, na hiyo ni faida. Lakini sauti ya kufika umbali huo ilihitaji mtambo wenye ukubwa wa sanduku la safari pamoja na sahani ya kuelekeza angani. Wahandisi hawa watatu walikata shauri kuziweka setilaiti zao kilometa 780 tu kutoka ardhini. Kwa ukaribu huo antena fupi ya simu inatosha. Ila setilaiti iliyo karibu haikai: huizunguka dunia nzima kwa dakika 100 hivi, na juu ya kichwa cha mtu haidumu hata dakika 10. Kwa hiyo zatakiwa nyingi, zipokezane mazungumzo kama walinzi wanavyopokezana zamu, hii ikizama ile ikichomoza, na mwenye kusema asitambue kwamba zamu imebadilika.

Hesabu ya kwanza ilionyesha kuwa zatakiwa setilaiti 77. Na kwa kuwa madini ya iridium yana namba 77 katika orodha ya wanasayansi, mradi ukapewa jina hilo. Baadaye hesabu ilirekebishwa, zikaonekana zatosha 66. Jina halikubadilishwa. Madini yenye namba 66 huitwa dysprosium, na hatudhani kuna ambaye angenunua simu yenye jina hilo.

Liko jambo moja katika ufundi huu ambalo lawahusu askari kuliko raia. Kila setilaiti ya Iridium huzungumza na jirani zake wanne: wa mbele, wa nyuma, wa kushoto na wa kulia. Sauti ikipanda yaweza kurushwa kutoka setilaiti hadi setilaiti, ikapita juu ya mataifa mengi, ikateremka kwenye kituo kilicho upande mwingine wa dunia. Aliye chini hahitaji kituo katika nchi aliyosimama. Mitambo ya washindani wao Globalstar haikuwa hivyo. Setilaiti zao zilirudisha sauti chini mahali palepale, na pasipokuwa na kituo cha karibu simu ilikuwa bubu. Ufundi huu wa Iridium uliongeza gharama nyingi, na wako waliouona kuwa ni anasa. Tutaona ulifanya nini.

RATIBA ILIYOTIMIA

Mwenyekiti wa Motorola, Robert Galvin, mwana wa mwasisi wake, aliupenda mpango huo, nao ulitangazwa kwa ulimwengu mwezi Juni 1990. Iliundwa kampuni ya peke yake kwa jina la Iridium, na wabia wakatafutwa kila upande: Japani, Ujerumani, Italia, Urusi, China, India, Saudi Arabia na kwingineko. Lakini Motorola yenyewe ilibaki na hisa nyingi kuliko wengine, na papo hapo ikawa ndiyo fundi. Mkataba wa kuunda setilaiti na mitambo yake ulikuwa wa takriban dola bilioni 3.45. Basi mwenye kununua na mwenye kuuza walikuwa wakila sahani moja, na fundi alilipwa kwa kadiri kazi ilivyoendelea, simu ziuzwe au zisiuzwe.

Katika kazi yenyewe hatuna budi kuwasifu. Hadi wakati ule setilaiti iliundwa kama fundi aundavyo mtumbwi: mmoja baada ya mwingine, kwa mkono, na kila mmoja kwa muda wake. Katika mji wa Chandler, jimbo la Arizona, Motorola iliiga viwanda vya magari. Setilaiti iliwekwa juu ya toroli, ikasukumwa kutoka kituo hadi kituo, kila kituo kikitia sehemu yake, na ikafika wakati ambapo setilaiti moja ilikamilika kila siku nne au tano. Kila moja ilikuwa na uzito wa kilo 689.

Mwanzo wa kurusha haukuwa na bahati. Tarehe 17 Januari 1997 roketi ya aina ya Delta II, iliyobeba mzigo wa wengine, ililipuka Cape Canaveral sekunde chache baada ya kuondoka, na Iridium, waliokuwa wakingojea roketi ya aina hiyo hiyo, wakalazimika kusubiri uchunguzi. Tarehe 5 Mei 1997 setilaiti tano za kwanza ziliondoka Vandenberg, California. Kisha mambo yakaenda mbio. Roketi za Marekani zilibeba tano tano, za Urusi kutoka Baikonur saba saba, za China kutoka Taiyuan mbili mbili. Kufikia Mei 1998, yaani kwa muda wa mwaka mmoja tu, mtandao mzima ulikuwa juu pamoja na akiba yake. Haijapata kuonekana kabla ya hapo kazi ya angani ya ukubwa ule, iliyogawanywa kwa mataifa matatu ambayo zamani yalilengeana makombora, ikatimizwa kwa kasi ile. Kama vita vingekuwa ni kurusha setilaiti tu, Iridium wangalishinda siku hiyo.

ARDHI ILIYOBADILIKA

Tarehe 1 Novemba 1998 huduma ilifunguliwa rasmi, baada ya kuahirishwa kutoka Septemba. Makamu wa Rais wa Marekani, Al Gore, alipiga simu ya kwanza, akazungumza na Gilbert Grosvenor, kitukuu cha Alexander Graham Bell aliyevumbua simu. Sherehe ilifana.

Ndipo mnunuzi akaitazama bidhaa. Simu moja ilikaribia dola 3,000. Dakika moja ya mazungumzo iliweza kufikia dola 7. Chombo chenyewe kilikuwa na uzito wa karibu nusu kilo na antena nene kama kirungu. Tena hakikufanya kazi vizuri ndani ya nyumba wala ndani ya gari, kwa kuwa lazima antena ilione anga. Na mteja aliyekusudiwa alikuwa nani? Alikuwa mfanyabiashara tajiri asafiriye nchi nyingi, mtu ambaye siku yake huipitisha katika hoteli, katika ofisi na katika gari. Aambiwe atoke nje kwenye mvua ili azungumze!

Mwaka 1987, mpango ulipochorwa, mteja huyo alikuwapo. Simu za mkononi zilikuwa chache, kila nchi ikiwa na mtindo wake, na aliyevuka mpaka aliiacha simu yake nyuma. Lakini miaka 11 ni mingi. Wakati setilaiti zilipokuwa zikiundwa, minara ilikuwa ikiota kila mahali, na nchi nyingi zilikubaliana juu ya mtindo mmoja wa simu. Hata hapa Uganda, ambako katika miaka ya 1980 simu ya mezani ilikuwa ni kitu cha kuombwa na kungojewa, kampuni ya Celtel ilianza huduma ya simu za mkononi mwaka 1995, na MTN ikafuata Oktoba 1998. Oktoba 1998! Siku chache tu kabla Al Gore hajaishika ile simu yake. Huyo mfanyabiashara tajiri alipotua Entebbe hakuwa tena na haja ya anga. Mnara ulikuwa ukimngoja Kampala. Na simu iliyomwezesha ilikuwa mjukuu wa ile ya Martin Cooper, na mara nyingi ilikuwa na jina la Motorola ubavuni.

Je, wakuu wa mradi hawakuona? Hatuamini kwamba watu wenye elimu ile walikuwa vipofu. Twadhani walifungwa na umbo la mradi wenyewe. Mwenye kujenga minara aweza kuanza na mmoja Kampala, akapata wateja, akalipwa, kisha akaweka wa pili Jinja na wa tatu Mbarara. Akiona Jinja hapalipi, ameumia mahali pamoja tu. Setilaiti zizungukazo chini hazina huruma hiyo. Ukiwa na 10 huna kitu. Ukiwa na 40 huna kitu. Ni lazima 66 zote ziwe mahali pake ndipo mteja wa kwanza aweze kusema halo, na kufikia siku hiyo fedha zote zimekwisha kutumika. Kamanda anayepaswa kumwaga kikosi chake chote mtoni kwa mkupuo mmoja, bila ya kuweza kumtuma mpelelezi ng'ambo, ana kila sababu ya kutotaka kusikia kwamba adui amehama.

Basi mambo madogo yakaongeza uzito. Simu zilizoundwa na Kyocera wa Japani zilichelewa. Wauzaji wa nchi mbalimbali, ambao wengi walikuwa wale wabia wenyewe, hawakuwa tayari. Watu waliona matangazo, wakauliza, wasijibiwe. Hesabu za kampuni zilitarajia wateja kiasi cha nusu milioni kufikia mwisho wa mwaka 1999. Mabenki, yakiwa na tahadhari zaidi, yaliweka sharti la wateja 27,000 kufikia mwisho wa Machi mwaka huo. Walipatikana wapatao 10,000. Mkuu wa kampuni, Edward Staiano, aliondoka mwezi Aprili. Bei zilipunguzwa, lakini mteja aliyekwisha kuondoka harudi kwa kupunguziwa. Tarehe 13 Agosti 1999 Iridium iliingia mahakamani kutangaza kufilisika, baada ya kushindwa kulipa mikopo ya kiasi cha dola bilioni 1.5. Zaidi ya dola bilioni 5 zilikwisha kutumika katika mradi mzima.

MNUNUZI WA NUSU SENTI

Machi 2000 huduma kwa wateja ilifungwa. Setilaiti zilikuwa bado zazunguka, nzima kabisa, zikipokezana zamu bila ya kuwa na neno la kupokezana. Motorola, ambayo kila mwezi ilikuwa ikilipia usimamizi wake, ilikwisha kupanga namna ya kuzishusha moja baada ya nyingine ziungue katika hewa. Wala hofu yao haikuwa ya gharama peke yake. Kwa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972, nchi iliyorusha chombo angani ndiyo inayowajibika kikimwangukia mtu. Setilaiti 66 zisizo na mwenyewe zilikuwa ni kesi 66 zinazoning'inia juu ya vichwa vya watu.

Hapo akajitokeza mzee mmoja, Dan Colussy, aliyepata kuwa rais wa shirika la ndege la Pan Am na ambaye alikuwa amekwisha kustaafu. Yeye hakuanza kwa kuuliza simu hii yaweza kumpendeza nani. Aliuliza ni nani asiyeweza kuishi bila ya hiyo. Jibu halikuwa yule mfanyabiashara wa hotelini. Lilikuwa nahodha aliye katikati ya bahari, rubani avukaye ncha ya kaskazini, mchimbaji mafuta jangwani, na zaidi ya wote askari. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikwisha kujenga kituo chake cha kupokelea Iridium huko Hawaii kabla kampuni haijafilisika, na maofisa wake walijua kwamba hakuna mtandao mwingine uliofika kila pembe ya dunia, pamoja na ncha zote mbili, bila ya kuomba ruhusa ya kituo katika nchi ya mtu. Ule ufundi wa setilaiti kuzungumza na setilaiti, ulioitwa anasa, ndio uliokuwa bidhaa yenyewe.

Mazungumzo yalikuwa marefu na yenye jasho, hasa juu ya bima: nani atalipa ikiwa kipande kitamwangukia mtu. Serikali ya Marekani ilikubali kubeba sehemu ya mzigo huo. Mahakama iliyosimamia ufilisi ikaidhinisha mauzo mwezi Novemba 2000. Bei ilikuwa dola milioni 25. Mwenye kupenda hesabu atapata kwamba Colussy alilipa nusu senti kwa kila dola iliyotumika. Mwezi Desemba Wizara ya Ulinzi ilitia sahihi mkataba wa dola milioni 72 kwa miaka miwili, kwa ajili ya watumiaji 20,000 wa serikali, na kampuni ya Boeing ikapewa kazi ya kuziendesha setilaiti. Kampuni mpya haikuwa na deni la bilioni kadhaa mgongoni, kwa hiyo haikuhitaji wateja nusu milioni ili ipone. Makumi ya maelfu yalitosha.

Hatuwezi kupita bila ya kuwakumbuka waliolia. Zile dola bilioni 5 zilikuwa fedha za watu: wanahisa, mabenki, wabia wa nchi mbalimbali. Hao hawakurudishiwa. Ni desturi ya wasimulizi kumtukuza mnunuzi wa pili na kusahau kwamba urahisi wake ulilipiwa na wa kwanza.

Mwaka haukupita ikaja Septemba 2001, kisha vita vya Afghanistan, na wanajeshi wa Marekani waliopenya milimani walikwenda na Iridium mikobani. Hata hivyo, ndugu askari, simu ya angani si siri kwa kuwa iko juu. Kiongozi wa Wachechnia, Dzhokhar Dudayev, aliuawa kwa makombora tarehe 21 Aprili 1996 alipokuwa akizungumza kwa simu ya setilaiti, ambayo kwa wakati ule haikuwa ya Iridium. Mahali alipo palijulikana kutokana na mawimbi ya simu yake mwenyewe.

Setilaiti zile, zilizokadiriwa kuishi miaka 5 hadi 8, zilidumu karibu 20. Moja yao iligongana na setilaiti mfu ya Kirusi, Kosmos 2251, juu ya Siberia tarehe 10 Februari 2009, na ya akiba ikasogezwa kuziba pengo. Kizazi cha pili kiliundwa na Thales Alenia Space ya Ulaya, kwa mkopo uliodhaminiwa na Ufaransa. Setilaiti 75 zilirushwa kwa safari nane za roketi za SpaceX kuanzia Januari 2017 hadi Januari 2019, kwa gharama ya karibu dola bilioni 3. Safari hii fedha zilikopwa wakati wateja wakiwa tayari wamo mkononi. Mwishoni mwa mwaka 2023 walizidi milioni 2, na wengi wao si watu wazungumzao bali ni mitambo midogo iliyofungwa katika meli, malori na mabomba, ikitaja mahali ilipo na hali yake.

Sisi nasi tumekwisha kuanza. Rwanda ilipeleka setilaiti yake ndogo mwaka 2019. Ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliyoundwa na vijana wetu watatu katika chuo cha ufundi cha Kyushu huko Japani, iliondoka Wallops, Virginia, tarehe 7 Novemba 2022 pamoja na ya Zimbabwe, na tarehe 2 Desemba ikaachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani. Kenya ilifuata na Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023. Ni vyombo vidogo, cha kwetu kikiwa na ubavu wa sentimeta 10 tu, na vyombo vya kimo hicho havidumu juu kwa miaka mingi. Vilikusudiwa hasa kuwafundisha mafundi, na gharama yake ni tone mbele ya bahari ya Iridium. Kitakapotakiwa kikubwa zaidi, cha kupiga picha za misitu, ziwa na mipaka, tungependa kumwona katika kikao cha kwanza, kando ya wahandisi, yule ofisa wa doria ya ziwani au wa kituo cha mpakani ambaye picha hizo zitamfikia mezani. Aulizwe azitaka mara ngapi kwa wiki, na bajeti yake ya mwaka itazilipa kutoka fungu gani.

Kabla hatujaweka kalamu chini, liko jambo moja kwa ajili ya wale waliokuwa lindoni katika miaka ya 2000. Setilaiti za zamani za Iridium zilikuwa na antena tatu bapa zilizong'arishwa kama kioo. Saa ya magharibi au kabla ya mapambazuko, jua likizipiga kwa pembe yake, ilionekana nukta ikiwaka ghafla angani, ikishinda nyota zote kwa sekunde chache, kisha ikazima bila ya mshindo. Pengine wako waliodhani ni baruti ya ishara, wakamwamsha sajini. Setilaiti mpya hazing'ai namna hiyo, na nyingi za zile za kale zimekwisha kushushwa.